Kulia kwa Kinyozi

Mimi ni mtu wa kiguu na njia. Nimelala kwenye maghala, juu ya magunia, chini ya malori, na mara moja ndani ya bafu la hoteli tuliyokuwa tunaijenga. Shule nimeisoma vipande vipande, muhula hapa, miezi miwili pale. Mwalimu mmoja alinifundisha kujumlisha, na mwingine, mbali kabisa na yule wa kwanza, akanifundisha kutoa. Wa kuzidisha sikuwahi kumfikia. Nasema hivyo ili msomaji akikuta sentensi imepinda ajue ilipopindia.

Naandika kwa sababu nina shukrani nyingi, na anayestahili kushukuriwa hapendi kusikia. Nikianza tu, "Mwanangu, kwa kweli wewe...", ananikata: "Mjomba, kunywa chai inapoa." Basi nimeamua kumshukuru kwenye karatasi, maana karatasi haina chai.

Yeye ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Mwaka juzi nilishuka kwenye lori mbele ya mlango wake nikiwa na homa, mguu umevimba kama mto wa kulalia, na begi moja. Hakuwa ameniona tangu akiwa na meno ya utotoni. Hakuuliza nimetoka wapi wala naondoka lini. Alisema, "Vua kiatu, mjomba, tuuone huo mguu." Akanipa kitanda chake, yeye akatandika godoro chini, katikati ya makasha ya chupa. Wiki sita aliukanda ule mguu asubuhi na jioni. Nilipoanza kusimama alinipa zawadi, kichupa cha manukato kisichozidi kidole gumba, chenye harufu ya machungwa. "Hii ni kwa ajili yangu, siyo kwa ajili yako," akasema. "Unanuka grisi ya lori mpaka ndotoni." Tangu siku hiyo kichupa hicho kinakaa kwenye mfuko wa shati langu.

Kazi yake ni kuuza manukato ya kupima. Mtu anamtajia manukato ya jina kubwa aliyoyaona kwenye duka la vioo, yale ambayo ukiuliza bei muuzaji anakuangalia viatu kwanza. Yeye anayatafuta mafuta yanayofanana nayo. Anayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, analiinua juu mteja auone mstari kwa macho yake, anachanganya na spiriti, anatikisa, anafunga. Halafu anabandika karatasi ndogo aliyoiandika kwa mkono: *mfano*. Basi. Siyo jina la manukato yenyewe. *Mfano.*

Siku moja mama mmoja alimwambia asibandike ile karatasi, maana anataka kumpa mkwewe zawadi. Mpwa wangu akasema, "Mama, mkwe wako akipenda, atapenda na karatasi yake." Yule mama akaondoka bila kununua. Mimi nilikuwepo. Nikamwambia mpwa wangu ni mjinga. Akasema, "Ndiyo mjomba," akaendelea kufunga mkoba.

Mkoba huo ndio ulikuwa duka lake. Aliubeba mgongoni akazunguka ofisi kwa ofisi, saluni kwa saluni, ngazi kupanda ngazi kushuka. Jioni alikuwa akitumbukiza miguu kwenye beseni na kufumba macho. Mimi nimetembea maisha yangu yote kwa kupenda. Yeye alitembea kwa kukosa pa kukaa. Niliitazama miguu yake kwenye lile beseni, visigino vimepasuka kama tope lililokauka, nikaona haya kwa ile yangu iliyopona.

Sasa, mtaa wa pili kutoka kwetu kuna kinyozi. Mtu mnene, msafi, mwenye maneno. Duka lake lina viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu ukutani, na kona moja pembeni ya dirisha iliyokuwa imekaliwa na mashine mbovu ya kukaushia nywele. Kinyozi huyu alikuwa na sifa moja: ukimaliza kunyolewa anakupiga mashavuni maji ya mchungwa, manukato yale yenyewe ya jina kubwa, kutoka kwenye chupa nzito ya kioo. Wateja wake waliyaita Maji ya Mwisho. Kuna waliokwenda kunyolewa na ndevu hawana.

Ila bei ya ile chupa ilipanda mpaka kinyozi akaanza kupaka kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemtia dawa mtoto mchanga jichoni. Akajaribu kuongeza maji ya bomba. Yakageuka meupe kama maji yaliyooshewa mchele, akayamwaga huku anatukana. Nilikuwa kwenye kiti siku hiyo. Nikaenda kumweleza mpwa wangu, na kesho yake tukaja wote wawili.

"Kaka, nusa," akamwambia, akimnyooshea chupa ya mfano wake.

Kinyozi akanusa, akafumba jicho moja. "Inafanana, sikatai. Lakini vitu vya rahisi navijua, dada. Vinaingia kwa kelele, vinatoka bila kuaga. Mteja wangu akifika saa nne hanukii kitu, atasema kinyozi amefulia."

"Mpake mtu basi, uone inakaa mpaka saa ngapi."

"Nimpake nani?"

Wote wawili wakageuka kunitazama, kama mafundi wanavyoutazama ukuta kabla ya kuupaka rangi.

Masharti aliyatoa kinyozi. Jumamosi nije saa mbili asubuhi, ninyolewe, shavu moja lipakwe manukato yake na jingine ya mpwa wangu. Nisijiguse, nisinawe uso, nisilalie upande. Saa tisa alasiri nirudi anuse mwenyewe. "Ya kwako ikiwa bado ipo," akamwambia mpwa wangu, "naitupa ile mashine, kona ni yako. Weka meza, weka kiti, uza unachotaka. Ikiwa imekufa, dada yangu, usinipitie tena na huo mkoba. Tumeelewana?"

Mpwa wangu aligeuza kichwa. Alikuwa anaitazama kona. Siyo kona yote. Alikuwa anapatazama mahali kiti kingekaa.

"Tumeelewana," akasema.

Jumamosi nilifika mapema. Kinyozi akaniacha niinuse ile chupa yake kubwa, na hapo pua yangu ikakumbuka kitu. "Hili siyo chungwa tu," nikamwambia. "Humu kuna danzi."

"Danzi ndiyo mdudu gani?"

"Chungwa chungu. Kulitazama zuri, kulila utalitema. Niliwahi kuchuma maua yake msimu mzima, na majani yake. Ukiyasugua majani kiganjani ndiyo harufu hii. Ya mpwa wangu haina. Yeye anajua chungwa na ndimu tu."

"Unaona?" kinyozi akasema kwa furaha. "Hujatoka hata mlangoni, tayari unasema ukweli."

Akaanza kunyoa. "Geuza kulia, mzee." Nikageuza. "Kulia, mzee, kulia!" Nikageuza zaidi. Akanishika kidevu kwa vidole viwili akakipeleka upande wa pili, huku ananung'unika kwamba wazee tunasahau hata pande zetu. Sikubishana naye. Mtu mwenye wembe shingoni mwako habishiwi.

Alipomaliza akanifunika macho kwa taulo, maana spiriti inachoma. Nikasikia chupa ya kwanza inafunguliwa, pa, kofi shavu moja. Chupa ya pili, pa, kofi shavu la pili. Akaondoa taulo akasimama mbele yangu.

"Kulia ya kwangu, kushoto ya binti. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Kulia yako, kushoto ya binti."

"Haya toka, na mikono mfukoni."

Nje ndipo nilipogundua jambo ambalo hatukulifikiria sisi watu watatu wazima: mtu hawezi kulinusa shavu lake mwenyewe. Jaribu. Pua ipo katikati lakini haifiki kokote. Nikawa sina habari yoyote. Nikaingia kwa fundi cherehani, jirani wa kinyozi, mwanamke wa makamo asiyeishiwa utani.

"Fundi, ninuse mashavu."

Akasimamisha cherehani. "Mzee, saa tatu asubuhi? Hata chai sijanywa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika meza, halafu akavua miwani akaja, akaninusa huku na huku kwa makini kabisa, kama anayekagua kitambaa kabla ya kukata.

"Hili," akaligusa la kushoto kwa ncha ya kalamu yake, "ni zuri sana. Kama mtu amemenya chungwa chini ya mti wake, na majani yamo. Na hili la kulia siyo baya, ila ni ndimu inayokuja juu juu. Linanikurupusha."

La kushoto! Kushoto ya binti! Nilitoka pale natembea kama nimepewa cheo. Nikajisemea, mtoto wa dada yangu amempiga bao mwenye duka la vioo. Sikujiuliza hata kidogo majani yametoka wapi. Jibu lilikuwa limeshawekwa mbele yangu na pua ya mtu mwingine, nami kwa furaha nikalipita.

Nikazunguka mjini mikono mfukoni. Jasho likija nalipepea kwa gazeti. Saa sita nikamkuta karani wa posta, naye ni mteja wa kinyozi, anakula kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nikamwomba.

"Mzee, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nusa upesi."

Akanusa upesi. "Kulia naisikia. Chungwa, ndimu, safi kabisa. Kushoto..." Akarudia. "Kushoto kama kulikuwa na kitu."

"Kulikuwa?"

"Nasema kama."

Nikawa sitembei tena kwa cheo. Saa nane nikarudi kwa fundi cherehani, yeye akavua miwani bila kuambiwa. Safari hii hakucheka. Akanusa la kulia, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akaja la kushoto, akakaa hapo muda mrefu.

"Pole, mzee," akasema. "Hapa nasikia ngozi tu. Ngozi safi, lakini ngozi."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama kwenye uchochoro kati ya ndoo na mabaki ya vitambaa. Nilikuwa naiona miguu kwenye beseni. Niliona mkoba unapanda ngazi zilezile, mwaka huu, na mwaka ujao, na mimi kwenye kitanda chake nimenyoosha mguu aliouponya.

Halafu nikakumbuka kichupa.

Kilikuwa mfukoni mwa shati, palepale, mafuta yaleyale, mchanganyiko uleule. Tone moja tu. Tone moja shavu la kushoto, na saa tisa kinyozi angelikuta liko hai. Nani angejua? Nikakitoa, nikafungua kifuniko. Harufu ikaja. Nikapeleka kidole mdomoni mwa chupa, na macho yangu yakaangukia kwenye ile karatasi yake, imeanza kufifia kwa jasho la kifua changu: *mfano*.

Nitasema kama ilivyokuwa. Sikuwaza mambo makubwa. Nilimwona tu yule mama anaondoka bila kununua, na mpwa wangu anasema "Ndiyo mjomba," bila hasira. Mtu ambaye hakubali kudanganya hata kwa zawadi ya mkwe, mimi nimpatie kona kwa uongo, na uongo wenyewe niutoe ndani ya chupa aliyonipa yeye? Angekaa kwenye kiti hicho miaka kumi bila kujua amekalia nini. Mimi ningejua. Nikafunga kifuniko.

Saa tisa mpwa wangu alikuwa ameshafika kwa kinyozi, amesimama mlangoni na mkoba mgongoni. Hakuutua. Fundi cherehani naye alikuja, uzi bado umening'inia begani. Kinyozi akanawa mikono, akakausha, akaniinamia.

Akanusa kulia. "Ahaa. Ipo."

Akanusa kushoto. Akanusa tena. Akajinyoosha taratibu, uso umekunjamana.

"Hakuna kitu," akasema.

Nikamtazama mpwa wangu. Aliukaza mkanda wa mkoba begani, kama mtu anayejiandaa kuondoka, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

"Basi," nikasema. "Umeshinda, kinyozi. Nisingependa, lakini ndivyo ilivyo."

"Nimeshinda nini?"

"Kulia ipo. Kulia ni yako. Ulisema mwenyewe, nikarudia mwenyewe."

Kinyozi akanitumbulia macho. "Mzee, wewe una wazimu? Kulia *kwangu*! Mkono huu!" Akauinua mkono wake wa kulia akaupeleka usoni kwangu. Ukatua shavu la kushoto.

Mkono wake ukabaki shavuni kwangu, na yeye mwenyewe anautazama kama wa mtu mwingine.

"Ngoja," akasema fundi cherehani. "Wewe kinyozi, kulia ukiwa unamtazama mtu ni kulia kwa nani?"

"Kwangu! Kwa nani tena? Miaka yote hii nasimama mbele ya watu. Kulia ni huku, na kushoto ni kule."

"Kumbe ndiyo maana ulimnyoa mume wangu kidoti cha ndevu cha shavu la kulia, alichotaka kibaki, ukakiacha cha kushoto!"

"Mumeo hakujieleza."

"Alijieleza vizuri. Alijieleza kwa kulia kwake!"

Mpwa wangu alikuwa bado mlangoni. "Kwa hiyo," akasema polepole, "iliyobaki ni ipi?"

Kinyozi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, kikazunguka naye kidogo. "Iliyobaki ni ya kwako," akasema. "Ya kwangu imekufa. Kwa bei ile, imekufa kabla ya saa tisa."

Hapo nikawaeleza yote: kwamba asubuhi ile harufu ya kinyozi ndiyo ilikuwa bora, fundi shahidi, ilikuwa na mti na majani, kwamba ya binti ilikuja na kelele, lakini ndiyo iliyokaa kazini. Kinyozi akasikiliza, akakuna kidevu.

"Asubuhi mteja yuko na mimi, hajinusi, anazungumza mpira," akasema. "Mkewe anamnusa akifika nyumbani. Kona ni yako, dada. Jumatatu natoa hiyo mashine." Halafu akanyanyuka akaichukua ile chupa nzito ya kioo. "Tutaimimina humu. Chupa inajulikana. Hakuna haja ya kuwachanganya watu."

Nikajua kinachokuja. Nikatamani kumziba mdomo.

"Hapana, kaka," akasema mpwa wangu. "Itakaa kwenye chupa yake, na karatasi yake."

"Karatasi ya nini?"

"Mfano."

"Dada! Nimekupa kona sasa hivi!"

"Nimeshukuru. Kama haiwezekani, nitaelewa." Na mkoba bado uko mgongoni, hajautua.

Kinyozi akanitazama mimi, akamtazama fundi, akaitazama chupa. Nadhani kitu kilichomshinda ni lile shavu. Mtu aliyetoka kukosea kulia na kushoto mbele ya jirani hawezi kubishana sana kuhusu ukweli.

"Haya, andika," akasema. "Lakini kwa herufi ndogo."

Ndipo alipoutua mkoba.

Njiani kurudi nyumbani nikamwonyesha kichupa, nikamweleza uchochoro, na kidole, na tone ambalo halikutoka. Nilifikiri atakasirika. Alisimama katikati ya barabara akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Shavu la kushoto? Mjomba! Ungepaka manukato yangu juu ya yale ya kinyozi, ayanuse pande zote mbili! Ungenimaliza kabisa!" Kisha akanishika mkono mpaka mlangoni.

Jumatatu nilikwenda saa nne kuona. Meza ipo, chupa zimepangwa, *mfano* imeandikwa kwa herufi ambazo hata mimi bila miwani nilizisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Kinyozi anajifanya hazioni. Mpwa wangu amekaa. Viatu vyake vya kutembelea amevivua, amevisukuma chini ya kiti kwa kisigino, na nyayo zake mbili ziko wazi juu ya sakafu ya baridi, zimetulia, saa nne asubuhi.

"Mjomba," akaniita. "Hayo madanzi yako, yanapatikana wapi? Nataka majani. Nataka asubuhi yangu nayo iwe nzuri."

"Mbali," nikasema. "Siku mbili kwenda."

"Basi nenda. Zamu yako kutembea." Akanitazama. "Na siku mbili kurudi."

Nilikwenda. Begi nililiacha chini ya kitanda, nikachukua mfuko mtupu. Nimerudi jana, na vidole ninavyoandikia hapa bado vina uchungu wa danzi chini ya kucha. Ananiita kutoka chumba cha pili. Anasema chai inapoa.